Kuchagua na Kufunga Feni ya Umeme ya Rejeta kwenye Gari la Kujiundia: Mwongozo kwa Walio Tanga

Gari la kujiundia, yaani lile ambalo mwenyewe hununua chesisi na bodi kisha akalifunga nyumbani kwa injini na gia za gari jingine, lina upungufu mmoja ambao gari la kiwandani halina: hakuna aliyekaa mezani kupima hewa itaingilia wapi, itapita wapi na itatokea wapi. Mengi ya magari haya hufuata umbo la Lotus Seven, gari dogo la michezo lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na ambalo haki za kulitengeneza zilichukuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973. Pua yake ni nyembamba, tundu la mbele ni dogo, rejeta imebanwa ndani ya pua hiyo, na injini imesogezwa nyuma kuelekea kwa dereva. Kwa mpangilio huo feni inayozungushwa na injini yenyewe haifai, kwa kuwa huwa mbali na rejeta na mara nyingi haiko nayo usawa mmoja, hivyo feni ya umeme inakuwa ya lazima.

Hapa Tanga suala hili lina uzito wake. Kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, upepo wa baharini hubeba chumvi inayokula shaba na alumini, na mtu anayetoka na gari lake kwenda Lushoto hupanda kutoka Mombo takriban kilomita 33 za kona na miinuko hadi kimo cha mita 1,400 hivi. Feni iliyochaguliwa kwa kukisia na kufungwa kwa haraka haitastahimili hayo kwa muda mrefu.

Jambo ambalo ningependa msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba feni husogeza hewa tu. Anayepoza maji ni rejeta, na rejeta hufanya kazi ikiwa hewa ina njia ya kuingia na njia ya kutoka. Anayeanza na njia ya hewa, kisha akatafuta feni inayoifaa, hupata matokeo mazuri hata kwa feni ya bei nafuu. Anayeanza kwa kununua feni kubwa kuliko zote dukani huishia kuzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti.

Kwanza, hakikisha kwamba tatizo ni la feni

Feni ina kazi pale gari linapokwenda polepole au linaposimama. Gari likishapita mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, hewa inayoingia kwa kasi ya gari lenyewe huwa nyingi kuliko ile ambayo feni ya kawaida ingeweza kuivuta. Kipimo chake ni rahisi. Endesha gari kutoka mjini kuelekea Muheza kwa mwendo usiobadilika huku ukiangalia mshale wa joto. Ukiona mshale unapanda barabarani, wakati hewa inaingia tele, usinunue feni kwanza: chunguza thamostati (valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), pampu ya maji, rejeta iliyoziba kwa ndani, mfuniko usioshika shinikizo, au boneti isiyo na matundu ya kutolea hewa. Ukiona mshale umetulia barabarani lakini unapanda ukifika stendi ya Kange au ukizunguka mitaa ya Ngamiani, hapo ndipo feni, kava lake (bamba linaloelekeza hewa ya rejeta kwenye feni) au umeme wake unahusika.

Mfuniko wa rejeta hupuuzwa sana, ingawa ni kifaa cha bei ndogo. Usawa wa bahari maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mfuniko unaoshika shinikizo la baa 1 huyafikisha kwenye nyuzi 120 hivi kabla hayajachemka. Ukiwa Lushoto, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo mfuniko uliolegea ambao haukuleta shida mjini Tanga unaweza kukuumbua ukiwa juu ya mlima. Badilisha mpira wa mfuniko au mfuniko wenyewe kabla ya kuhukumu kitu kingine chochote, na usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Pili, itengeneze njia ya hewa

Simama mbele ya gari na uangalie ndani ya tundu la pua kwa tochi. Ukiona mwanya kati ya kingo za rejeta na ukuta wa pua, hewa inayoingia itapita kwenye mwanya huo badala ya kupita katikati ya rejeta, kwa sababu hewa hufuata njia iliyo nyepesi. Ziba mianya yote kwa bamba jembamba la alumini lililokatwa kwa kufuata umbo la pua, na ukingoni weka ukanda wa raba au sponji ngumu ili bodi isisagike kwa mtikisiko. Kazi hii ni ya jioni moja, nayo hupunguza joto kuliko watu wengi wanavyotarajia.

Halafu angalia hewa inatokea wapi. Kwenye magari mengi ya kujiundia eneo la kutokea hewa ni dogo kuliko la kuingilia, na hilo ni kosa, maana hewa ikishapata moto hutanuka na kuhitaji nafasi kubwa zaidi. Matundu ya ubavuni mwa boneti, au nafasi ya wazi chini nyuma ya injini, ni lazima yawepo. Ukifunga feni yenye nguvu kwenye boneti isiyo na pa kutolea hewa, utasikia kelele nyingi na mshale hautashuka.

Tatu, pima nafasi uliyonayo

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: upana wa sehemu ya rejeta yenye mirija na vibati (vile vipande vyembamba vilivyo kati ya mirija), kimo chake, na umbali kutoka uso wa nyuma wa rejeta hadi kitu cha kwanza cha injini kinachojitokeza, iwe puli au bomba. Kipimo cha tatu ndicho kinachoamua mengi. Feni nyingi zina unene wa sentimita 6 hadi 8.5 ukijumlisha mota, na kati ya mgongo wa mota na injini ibaki nafasi isiyopungua sentimita 2, kwa kuwa injini hucheza kwenye raba zake unapokanyaga mafuta au unapofunga breki. Kata boksi gumu la umbo la feni unayoifikiria, libandike kipande cha mbao chenye unene wa mota, kisha liweke mahali pake na ufunge boneti. Boksi hilo litakuonyesha kama hosi ya chini inagusa, kama boneti inakaa, na kama mkono utaweza kuifikia plagi siku ya matengenezo.

Nne, chagua feni

Swali la kwanza ni kama feni itavuta au itasukuma. Feni inayovuta hukaa nyuma ya rejeta, upande wa injini, na inayosukuma hukaa mbele. Ya kuvuta ni bora wakati wowote nafasi inapopatikana, kwa sababu haizibi uso wa rejeta gari linapokuwa kwenye mwendo, na kava lake huikusanya hewa ya rejeta nzima. Ya kusukuma ni ya kutumia pale ambapo nyuma hakuna nafasi kabisa. Ieleweke pia kwamba ukibadilisha nyaya za feni ya kuvuta ili iwe ya kusukuma, mota itazunguka kinyume kweli, lakini mapanga yatakuwa yamepinda upande usiofaa na hewa itakayosogezwa itakuwa kidogo. Mapanga yaliyonyooka huvumilia mabadiliko hayo kuliko yaliyopinda, ila yana kelele zaidi.

Swali la pili ni ukubwa. Chukua mfano wa rejeta yenye upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 35. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,575. Feni yenye kipenyo cha sentimita 30 inafunika sentimita za mraba 707, ambazo ni asilimia 45 tu ya rejeta. Feni mbili za sentimita 20 zingefunika sentimita za mraba 628 kwa jumla, pungufu ya ile moja kubwa. Kwa hiyo feni moja kubwa kuliko zote zinazoingia ndiyo chaguo la kawaida, na mbili ndogo zinafaa pale rejeta inapokuwa pana na fupi, au pale mwenye gari anapotaka moja ikifa nyingine imfikishe nyumbani. Mimi hupendelea moja kubwa yenye kava zuri, kwa sababu viungio vya umeme vinakuwa vichache, na hapa pwani kila kiungio ni mlango wa chumvi.

Swali la tatu ni mpya au ya mtumba. Feni mpya za sokoni zinazouzwa bila gari maalumu hutofautiana sana, na namba kubwa ya hewa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ilipimwa feni ikiwa wazi mezani, bila rejeta mbele yake. Feni ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo la Kijapani lenye injini iliyokingama, yaani iliyolala kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine, kwa mfano Toyota Starlet au Vitz, ilitengenezwa ili ivute hewa kupitia rejeta, mota yake imekingwa dhidi ya maji, na huja na kava lake. Kwa bei ya spea za mtumba, mara nyingi hiyo ndiyo ununuzi wa busara. Magari yenye injini iliyolala kutoka mbele kuelekea nyuma, kama Toyota Mark II na Hilux za zamani, mara nyingi yana feni ya mkanda, hivyo usiyategemee kwa kazi hii.

Ukiwa dukani kwa muuza spea, izungushe feni kwa kidole. Inapaswa kwenda kwa ulaini na kusimama taratibu, bila kukwaruza. Shika panga na ulisukume mbele na nyuma: mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini ukisikia mlio wa kugonga, bushi zimekwisha. Kagua shina la kila panga kama lina ufa, na kataa feni yenye ufa hata kama ni mdogo, kwa kuwa panga likikatika kwenye kasi litaichana rejeta. Mwombe muuzaji aiunganishe na betri nzima, kisha pima ampea kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) inayohimili mkondo huo. Feni nyingi za magari madogo hutumia kati ya ampea 7 na 15, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa sekunde moja au mbili. Iandike namba hiyo, maana waya, fyuzi na relei vyote vitachaguliwa kwayo. Hakikisha pia unaondoka na plagi yake pamoja na waya usiopungua shubiri moja, kwani kuitafuta plagi hiyo peke yake baadaye ni usumbufu usio na sababu.

Tano, kava

Feni iliyobandikwa moja kwa moja kwenye rejeta huvuta hewa kwenye duara lake tu, na ile asilimia 55 iliyobaki katika mfano wetu hukaa bila kazi gari likisimama. Kava ni bamba linalofunika uso wote wa nyuma wa rejeta, likiacha tundu la duara ambamo mapanga yanazunguka. Likiwa na kina cha sentimita 2.5 hadi 5 kati ya rejeta na mapanga, hewa huvutwa hata kutoka pembeni. Nafasi kati ya ncha za mapanga na ukingo wa tundu iwe ndogo, milimita chache tu, maana ikiwa kubwa hewa itarudi nyuma kupitia hapo.

Kama kava la feni ya mtumba halilingani na rejeta yako, litengeneze kwa alumini ya milimita 1 hadi 1.5. Fundi wa mabati atakukunjia kingo zake kwa muda mfupi ukimpelekea boksi lililokatwa kwa vipimo kamili. Zungushia ukingo wa kava ukanda wa sponji ili usiguse vibati vya rejeta kwa chuma. Kwa gari litakaloendeshwa barabara ndefu kwa kasi, toboa kwenye kava matundu mawili au matatu, kila moja likiwa na kifuniko cha raba kilichoshikwa kwa ribiti upande wa juu peke yake. Feni ikivuta, raba hujifunga. Gari likienda kasi, upepo huifungua na hewa ya ziada hupita.

Sita, kuifunga feni mahali pake

Kuna vijiti vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya kupenyeza katikati ya mirija ya rejeta na kuishika feni. Siviamini kwa barabara zetu. Kwenye vumbi na makorongo ya njia za vijijini, feni yenye uzito wa kilo moja na nusu au mbili hutikisika juu ya vijiti hivyo na kusaga vibati, halafu mrija. Tengeneza badala yake vyuma viwili vya alumini vinavyokwenda kutoka fremu ya rejeta upande mmoja hadi mwingine, kava lishikwe kwa bolti kwenye vyuma hivyo, na kila bolti iwe na raba na nati yenye plastiki ya kuzuia kulegea. Rejeta yenyewe ikae juu ya raba, ili mtikisiko wa chesisi usiifikie moja kwa moja.

Mota nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji. Kiangalie na uhakikishe kimeelekea chini, kwa kuwa kikielekezwa juu kitakusanya maji ya mvua za masika badala ya kuyatoa. Ukimaliza, zungusha mapanga kwa mkono mzunguko mzima huku ukitazama kila ncha inavyopita kwenye ukingo wa kava.

Saba, umeme

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, kwa hiyo ni vizuri kwenda polepole. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri.

Feni isipitishiwe umeme wake wote kwenye swichi ya dashibodi wala kwenye swichi ya joto. Tumia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mwingi; iwe ya kawaida ya magari ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30 au 40. Miguu yake ina namba. Mguu wa 30 unapokea waya mnene kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi iliyokaa karibu kabisa na betri. Mguu wa 87 unakwenda kwenye chanya ya feni. Mguu wa 86 unapata umeme unaowashwa na ufunguo wa gari, kupitia fyuzi ndogo. Mguu wa 85 unakwenda kwenye swichi ya joto, ambayo ikifikia nyuzi zake huunganisha na hasi, na relei ikafunga. Sambamba na swichi ya joto weka swichi ya mkono kwenye dashibodi, nayo ikiunganisha mguu huo huo wa 85 na hasi, ili siku swichi ya joto ikifa uweze kuiwasha feni mwenyewe. Taa ndogo iliyounganishwa na mguu wa 87 itakuonyesha kwamba umeme umekwenda kwenye feni, ingawa haithibitishi kwamba feni inazunguka.

Unene wa waya si jambo la kukadiria kwa macho. Tuseme feni inatumia ampea 12, na waya unakwenda mita 2 na kurudi mita 2. Ukitumia waya wa shaba wa milimita ya mraba 1, volti 0.84 zitapotea njiani. Ukitumia wa milimita za mraba 2.5, zitapotea volti 0.34 tu. Mota hupunguza kasi kadiri volti zinavyopungua, kwa hiyo waya mwembamba unakuuzia feni kubwa na kukupa kazi ya feni ndogo, huku wenyewe ukipata moto. Kwa feni ya ampea 12 tumia waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 20. Kwa feni inayokaribia ampea 20 tumia milimita za mraba 4 na fyuzi ya ampea 30.

Waya wa hasi unastahili maelezo yake. Kwenye gari la kiwandani bodi yote ni chuma na fundi hufunga hasi popote. Gari la kujiundia mara nyingi lina pua ya fibaglasi ambayo haipitishi umeme hata chembe, na chesisi yake imepakwa rangi nzito inayozuia umeme vilevile. Vuta waya wa hasi wenye unene sawa na ule wa chanya kutoka kwenye feni hadi kwenye bolti moja ya chesisi uliyoikwangua rangi mpaka chuma king'ae, na bolti hiyo hiyo iwe imeunganishwa na hasi ya betri kwa waya mnene. Usiifanye rejeta kuwa njia ya hasi. Umeme unaopita kwenye rejeta ya alumini kupitia maji huila kwa ndani, na ubora wa rejeta utalaumiwa bure kwa matundu madogo yatakayotokea.

Kila ncha ya waya ibanwe kwa koleo la kubania ncha, ivalishwe mpira unaosinyaa kwa moto, na iunganishwe kwa vishikio vyenye raba ya kuzuia maji vikipatikana. Waya unaoingia kwenye plagi ushuke kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, ili maji yadondokee kwenye tumbo la waya yasifuate njia mpaka ndani. Relei iwekwe miguu ikiangalia chini, mbali na bomba la moshi.

Ufunguo ukizimwa feni inazima, kwa mpangilio huu. Wapo wanaopenda iendelee kuzunguka baada ya gari kuzimwa, nao huchukua umeme wa mguu wa 86 moja kwa moja kutoka betri. Kwa kuwa pampu ya maji, inayozungushwa na mkanda wa injini, imekwisha kusimama wakati huo, maji hayazunguki na faida yake ni ndogo, ilhali betri inaliwa. Pia feni inayoweza kuwaka yenyewe ni hatari kwa vidole vya mtu aliyefungua boneti. Mimi singeifunga hivyo.

Nane, swichi ya joto

Thamostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88 na kufunguka kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Swichi ya feni inapaswa kuwaka juu ya kiwango cha thamostati kuanza kufunguka, la sivyo feni itazunguka kutwa nzima bila sababu. Kwa swichi iliyo upande ambao maji ya moto yanaingilia kwenye rejeta, chagua inayowaka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa iliyo upande wa kutokea, ambako maji yamekwisha kupoa, chagua inayowaka mapema zaidi, kwenye nyuzi 88 hadi 92. Swichi zilizo nyingi huzima nyuzi 5 au zaidi chini ya zilipowakia, na hiyo ni sawa.

Chagua swichi yenye nyaya mbili. Ile yenye mguu mmoja hutegemea kupata hasi kupitia mwili wa rejeta, na rejeta yako imekaa juu ya raba.

Kuna mtego mmoja ambao umewasumbua mafundi wazuri. Swichi nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 hufanya kazi kinyume: zikiwa baridi zimeunganika, zikipata moto zinaachana, na relei zake zimepangwa kwa mtindo huo. Ukiichukua swichi kama hiyo na kuifunga kwa mpangilio nilioueleza, feni itazunguka injini ikiwa baridi na kusimama ikipata moto. Ijaribu kabla ya kuifunga. Tundika swichi kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni, meno yake yakiwa ndani ya maji na plagi ikiwa juu, bila kugusa kitako cha sufuria. Weka kipimajoto pembeni yake na multimita kwenye miguu yake. Maji yakipanda, tazama ni kwenye nyuzi ngapi multimita inabadilika na inabadilika kwenda upande gani, kisha ondoa sufuria motoni na utazame tena yanapopoa. Ukikuta swichi ni ya kinyume, ama tafuta nyingine, ama tumia relei yenye mguu wa tano, ule wa 87a, na uunganishe feni kwenye mguu huo, huku mguu wa 30 ukipata umeme unaowashwa na ufunguo kupitia relei ya pili, la sivyo feni itazunguka hata gari likiwa limezimwa. Kwa relei hiyo, swichi ikiachana au waya wake ukikatika, feni itazunguka, jambo ambalo kwa kweli ni salama zaidi kwa injini. Kumbuka tu kuipa nafasi tofauti swichi ya mkono, kwa sababu hapo itabidi ikate umeme wa mguu wa 86 ili feni iwake.

Tisa, kujaza maji na kujaribu

Rejeta ya gari hili hukaa chini kuliko kichwa cha injini, hivyo hewa hunasa kwa urahisi kwenye hosi ya juu. Swichi iliyo ndani ya povu la hewa haisomi joto la maji, na feni haitawaka hata injini ikiwa inaungua. Tanki la kujazia liwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo. Inua pua au mkia wa gari, kutegemea mahali tanki lilipo, mpaka liwe juu. Jaza polepole kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, kanda hosi kwa mkono ili mapovu yapande, na ufungue skrubu ya kutolea hewa kama ipo mpaka maji yatoke bila mapovu. Maji ya kisima cha karibu na bahari yasiingie kwenye injini hii kabisa.

Rudisha waya wa betri, washa feni kwa swichi ya mkono, na uweke karatasi nyepesi mbele ya pua. Ikiwa feni ni ya kuvuta, karatasi itanata kwenye tundu la hewa. Ikirushwa mbali, nyaya zimepishana. Isogeze karatasi hiyo kwenye pembe zote nne za tundu: mahali inapoanguka ndipo kava au ule ukanda wa kuziba unapovuja. Feni ikiwa inaendelea kuzunguka, pima volti kwenye plagi yake na ulinganishe na volti za betri. Tofauti ikizidi 0.5, tafuta kiungio kilicholegea au waya mwembamba kabla ya kwenda mbele.

Kisha acha injini iwake kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kivulini hadi feni iwake yenyewe. Mshale upande, feni iwake, mshale ushuke, feni izime, na mzunguko huo urudiwe mara kadhaa bila mshale kupanda juu ya ulipofika mara ya kwanza. Rudia jambo hilo juani, adhuhuri, taa kubwa zikiwa zimewashwa, na upime volti za betri. Zikishuka chini ya 13 injini ikiwa kwenye silensa, oltaneta hailingani na mzigo, na feni itakuwa inakula akiba ya betri kila unapokwama kwenye foleni. Baada ya hapo nenda barabarani, kwanza ndani ya mji, halafu Muheza na kurudi. Mlima wa Mombo uwe wa mwisho, na uupande mara ya kwanza asubuhi, ukiwa na lita kadhaa za maji safi ndani ya gari.

Matunzo ya pwani

Kila baada ya miezi mitatu chomoa plagi ya feni na uitazame. Rangi ya kijani kwenye shaba ni chumvi iliyokwisha kuingia. Isafishe kwa brashi ndogo, pakaa vaselini kidogo na urudishe. Osha uso wa rejeta kwa maji baridi yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili vumbi na wadudu watoke walikoingilia, na usitumie mashine ya shinikizo karibu kwa sababu hulaza vibati. Gusa bolti za kava moja moja kwa spana. Fyuzi ya feni iwe na ya akiba yake ndani ya gari, na relei moja ya ziada iwekwe pamoja nayo.